Hesabu ya Mashine na Dhima ya Shahidi

Mwaka 1899, jijini London, wanafiziolojia William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zinazouunganisha utumbo wa mbwa na ubongo pamoja na uti wa mgongo, kisha wakauchokoza utumbo huo waone utafanya nini. Kama amri zote za mwili zingekuwa zinatoka kichwani, utumbo ulipaswa kuzubaa. Haukuzubaa. Juu ya mahali palipochokozwa misuli ilikaza, chini yake ikalegea, na kilichokuwamo ndani kikasukumwa kuelekea mbele. Mwaka 1917 Mjerumani Paul Trendelenburg alionyesha jambo hilohilo kwa kipande cha utumbo wa simbilisi kilichotolewa kabisa mwilini na kuwekwa katika chombo cha majimaji ya chumvi. Kipande hicho, kisicho tena na mwenyewe, kiliendelea kuhisi kimejazwa na kusukuma upande unaostahili. Ndiyo maana John Langley wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya neva zinazojiendesha zenyewe, aliupa utumbo fungu lake pekee. Siku hizi neva hizohizo zinachunguzwa kwa msaada wa akili mnemba, na hapo panazuka swali ambalo maabara peke yake haiwezi kulimaliza: mashine inapotupa habari za kilichomo tumboni mwetu, ni nani hasa aliyejua?

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Ndani ya ukuta wa utumbo wa binadamu mna mitandao miwili mikuu ya neva, mmoja uliobainishwa na Georg Meissner mwaka 1857 na mwingine na Leopold Auerbach miaka michache baadaye. Makadirio ya idadi ya seli zake hutofautiana sana. Yanayotajwa mara nyingi huanzia milioni 100 na kupita milioni 500. Idadi hiyo ina uzito kwa tabibu, kwa kuwa yako maradhi yanayotokana na kupungua kwa seli hizi au kukosekana kwake, na huwezi kusema zimepungua mpaka ujue zilipaswa kuwa ngapi. Kwa miaka mingi hesabu ilifanywa kwa jicho na kidole: mtafiti anakaa mbele ya hadubini, anaweka alama kwenye seli moja, anahamia nyingine, saa baada ya saa. Macho huchoka. Watu wawili wakipewa picha moja hutoka na hesabu mbili. Na eneo linaloweza kuhesabiwa kwa njia hiyo ni dogo mno likilinganishwa na utumbo wenye urefu wa mita kadhaa. Programu za kutambua picha zimekuja kuuondoa mzigo huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kwa mfano, walitangaza mwaka 2024 mkusanyiko wa zana unaotumia mitandao ya neva bandia kutambua seli za utumbo katika picha, kuzihesabu na kuzipanga kwa aina. Kazi ya siku nyingi sasa ni ya muda mfupi.

Hapa pana ulinganifu ambao si rahisi kuupuuza. Utumbo wa Trendelenburg ulitambua, ukachagua, ukatenda, bila kujua chochote. Programu ya leo inatambua, inachagua, inatoa jawabu, nayo pia haijui chochote. Ustadi mmoja usiojua unatumwa kuuchunguza ustadi mwingine usiojua. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba ustadi, hata uwe mkubwa namna gani, haujawa ujuzi mpaka apatikane mtu wa kuusimamia, anayeweza kuulizwa umejuaje na kuwajibika kwa jawabu lake. Mashine huleta habari. Kushuhudia ni kazi ya binadamu, na tukiiacha kazi hiyo kwa sababu habari zimekuwa nyingi na nyepesi kupatikana, tutakuwa na takwimu tele na ujuzi haba.

Ili hoja isielee hewani, tutazame mashine inavyofanya kazi. Kipande cha utumbo hupakwa kingamwili inayoshika protini ziitwazo Hu, zilizomo katika seli za neva, ili seli hizo zing'ae chini ya hadubini. Picha inayopatikana hupewa programu. Mojawapo ya programu zinazotegemewa katika kazi hii ni StarDist, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo huanza na dhana moja: kwamba kila seli ina umbo ambalo, ukisimama kitovuni mwake, unaweza kuchora mstari ulionyooka mpaka ukingoni kila upande bila kukatizwa. Kwa miili ya seli za neva iliyong'arishwa kwa Hu dhana hiyo inafaa sana, na ndiyo siri ya mafanikio yake. Hata hivyo inabaki kuwa dhana. Mashine haikuipata kwa kuutazama utumbo. Iliwekewa na wabunifu wake kabla haijaona picha hata moja. Kisha ikafunzwa kwa mamia au maelfu ya mifano ambayo watu walikuwa wameshaichorea mipaka kwa mkono: hii seli, hii siyo, hizi mbili zimelaliana, ile ni uchafu wa rangi. Kila jawabu linalotoka leo limebeba hukumu hizo za jana. Tunapodhani tumemwepuka binadamu mwenye macho ya kuchoka, kumbe tumemhamisha tu, kutoka mwisho wa kazi, anakoonekana, hadi mwanzo wake, asikoonekana.

Mtu anaweza kusema kwamba hukumu za watu ndizo zenye kasoro, na heri mashine. Historia ya utumbo inampa hoja nzuri. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyegawana Tuzo ya Nobel na Camillo Golgi mwaka 1906, alikuwa na jicho ambalo taaluma ya neva haijapata mfano wake. Alipouchunguza ukuta wa utumbo alikuta seli nyembamba zenye matawi, akazichora kwa ufundi mkubwa na kuzihesabu kuwa neva za aina ya awali. Alikosea. Seli hizo, ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina lake, si neva. Utafiti wa miaka ya 1990 ulibaini kwamba ndizo zinazotoa mapigo ya polepole yanayoipa misuli ya utumbo mwendo wake. Lakini tuangalie kosa hilo lilirekebishwaje. Halikurekebishwa kwa kuzihesabu seli zile upya kwa usahihi zaidi. Mashine iliyofunzwa kwa michoro ya Cajal ingezihesabu bila kuruka hata moja, na kila moja ingeiita neva. Kilichorekebisha kosa ni watu kuuliza swali jingine: seli hii inafanya nini, na ikiondolewa kinapotea nini? Usahihi wa kuhesabu na usahihi wa kuelewa kinachohesabiwa ni mambo mawili, na la kwanza likikua haraka bila la pili, kosa nalo hukua kwa kasi hiyohiyo.

Mfano wa karibu zaidi upo. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Johns Hopkins, Marekani, lilichapisha madai ya kushangaza: kwamba katika utumbo wa panya mpevu mwenye afya, seli za neva hufa na kuzaliwa upya kwa kasi kubwa, mizani ya vifo na uzazi ikiufanya mtandao ubaki na idadi ileile. Tafiti nyingine, za kabla na baada, hazikuona uzazi wa maana wa neva katika utumbo mpevu usio na maradhi. Ikiwa madai ya 2017 ni ya kweli, mtandao huu unadumu ingawa wajumbe wake wanabadilika, na swali la zamani la wanafalsafa, ni nini kinachofanya kitu kibaki kilekile sehemu zake zinapopita, linahamia matumboni mwetu. Mzozo huu wote ni wa hesabu: ngapi zinakufa, ngapi zinazaliwa. Hata hivyo hesabu peke yake haiumalizi, maana kabla ya kuhesabu seli inayokufa lazima ukubaliwe kwanza ushahidi wa kuwa inakufa, na kabla ya kuhesabu neva mpya lazima ukubaliwe ushahidi wa kuwa ni neva na ni mpya. Mashine hutumia vigezo ilivyopewa. Kuvitetea mbele ya anayevipinga haiwezi.

Katika kutafuta kipimo cha habari kama hizi, sioni sababu ya kuazima mbali. Wanazuoni wa hadithi, ambao elimu yao imefundishwa katika misikiti na vyuo vya pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, walikabiliwa na tatizo lenye sura hiihii: habari nyingi, zinazohusu mambo mazito, zinazofika kwa mikono ya wengine. Dawa yao ilikuwa isnadi, yaani kila habari iambatane na mlolongo wa waliopokezana, na kila mpokezi apimwe kwa mambo mawili. La kwanza ni udhabiti: je, anahifadhi barabara na kufikisha bila kuchanganya? La pili ni uadilifu: je, ni mtu wa kuaminika, anayejua uzito wa anachokisema na anayeogopa kusema uongo? Mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu lakini asiye na uadilifu habari yake haikupokewa, na mcha Mungu mwenye kumbukumbu dhaifu vilevile. Mashine, tukiitia katika mizani hii, inapita kwa udhabiti, pengine kuliko mpokezi yeyote aliyewahi kuwapo. Upande wa uadilifu haishindwi. Ni kwamba haimo kabisa katika mtihani huo. Haiwezi kuwa mwaminifu kwa kuwa haiwezi kuwa mwongo. Kwa hiyo uadilifu unaohitajika lazima utoke kwa watu walio mbele na nyuma yake.

Mizani hiyo inatufundisha mambo mengine mawili. Mpokezi asiyejulikana, aliyeitwa majhuli, alidhoofisha habari hata kama maneno yake yalionekana mazuri, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumpima. Programu nyingi zinazouzwa au kugawiwa zimejaa wapokezi wa namna hiyo: hatuambiwi nani aliyechora mipaka ya seli katika picha za mafunzo, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au bingwa wa miaka thelathini, picha zilitoka kwa wagonjwa wa wapi na zilipakwa rangi kwa utaratibu upi. Jambo la pili ni kwamba wanazuoni walithamini habari iliyopokewa kwa njia nyingi zisizotegemeana, kwa vile ni shida watu wasiojuana kukubaliana katika kosa moja. Leo tunasikia programu tano zimetoa jawabu moja, tukaridhika. Lakini ikiwa zote tano zilifunzwa kwa picha zilezile, hizo ni njia moja iliyorudiwa mara tano. Wingi wa sauti haujaongeza ushahidi wowote.

Uzito wa haya yote unaonekana wazi katika maradhi yaliyoelezwa na daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, mwaka 1886. Mimba inapokua, seli zitakazokuwa neva za utumbo husafiri ndani ya kiinitete kufuata urefu wa utumbo. Zikiishia njiani, sehemu ya mwisho ya utumbo inabaki bila neva, imekaza, haipitishi kitu. Mtoto, karibu mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa, hachelewi kuvimba tumbo. Kinyesi cha kwanza hakitoki kwa wakati wake, na matapishi yanaweza kuwa ya kijani. Tiba, tangu Orvar Swenson alipoonyesha njia mwaka 1948, ni kukata sehemu isiyo na neva na kuivuta ile yenye neva hadi chini. Kabla ya kisu, daktari wa patholojia hupewa kipande kidogo cha nyama kutoka puru, naye hukichunguza kwa vipande vyembamba vingi, akitafuta seli za neva. Akiiona moja tu, jambo limekwisha. Asipoiona ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa sasa anatakiwa kushuhudia kutokuwapo. Je, hazipo kweli, au kipande kilichukuliwa juujuu mno? Je, ni seli changa za kichanga, ndogo na rahisi kuchanganywa na seli nyingine za jirani? Kutoona kunageuka kuwa ushahidi pale tu aliyetazama anapoweza kusema: nilitazama panapostahili, kwa kiasi kinachostahili, na kama zingekuwapo ningeziona.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo mashine haiwezi kuisema kwa haki. Inaweza kuandika sifuri. Inaweza kuambatanisha asilimia ya uhakika. Lakini asilimia hiyo inaeleza jinsi picha iliyo mbele yake inavyofanana na picha ilizofunzwa; haielezi kama kipande kilichukuliwa vizuri, kama rangi ilishika, wala kama mtoto huyu anafanana na watoto waliotoa picha za mafunzo. Na makosa hapa yana pande mbili zenye kuuma sawasawa. Ukisema hazipo kumbe zipo, mtoto atakatwa utumbo uliokuwa mzima. Ukisema zipo kumbe hazipo, atarudi nyumbani na utumbo uliofungika, pamoja na hatari ya uvimbe na maambukizi yanayoweza kumuua. Anayeitia sahihi ripoti hiyo anajifunga. Kuna mama na baba watakaomwuliza, kuna mpasuaji atakayekata kwa kumwamini yeye.

Pingamizi la kwanza litakuwa hili: mbona hatuidai thermomita uadilifu? Hadubini nayo ni chombo, haina dhima, na hakuna anayelalamika. Ni kweli, lakini vyombo vina daraja. Thermomita inatupa namba, na kuamua kama mtoto ana homa kunabaki kwetu. Hadubini inakuza, na kusema hii ni neva kunabaki kwetu. Programu ya kutambua seli imevuka mpaka huo: inatamka hukumu, hii ni neva na hii siyo, ambayo zamani ilikuwa ya mtaalamu. Chombo kinachopima kinahitaji kurekebishwa kwa kipimo kinachojulikana. Chombo kinachohukumu kinahitaji zaidi ya hapo. Kinahitaji mtu anayeweza kuitengua hukumu yake na kusema kwa nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Bingwa wa patholojia naye, ukimbana aeleze alivyoitambua seli, mara nyingi hana maelezo kamili. Ameona maelfu, na jicho lake limezoea. Basi tofauti yake na mtandao wa neva bandia iko wapi? Nakubali kwamba sehemu kubwa ya utambuzi wake haina maneno. Lakini jicho lililozoea ni mwanzo wa ushuhuda wake, halijawa mwisho. Akitiliwa shaka ataomba kipande kingine, atabadilisha rangi, atampigia mpasuaji kuuliza sampuli ilitoka umbali gani, atamwita mwenzake. Anajua namna za kukosea kwake, naye huzitafuta. Mashine inayowekewa ramani ya rangi kuonyesha sehemu ya picha iliyoathiri jawabu lake inatuambia ilielekea wapi tu. Kama palikuwa ni mahali pa haki pa kuelekea, hilo linamrudia mtu.

Pingamizi la tatu linagusa mzizi. Ubongo wa huyo bingwa, mtu atasema, nao ni seli tupu. Hakuna hata moja inayojua maana ya Hirschsprung. Ikiwa mtandao wa utumbo haujui kwa kuwa ni seli zinazopelekeana ishara, na mtandao bandia haujui kwa kuwa ni namba zinazozidishwa, kwa nini mtandao wa kichwani upewe heshima ya pekee? Sina haja ya kudai kwamba nyama ya kichwani ina siri isiyoweza kupatikana kwingine, wala hoja yangu haisimami juu ya roho, ingawa wengi wetu tunaiamini. Inasimama juu ya kile tunachoweza kudaiana. Ujuzi miongoni mwa watu ni mkataba: anayesema najua amejitolea kuulizwa, kusahihishwa na kubeba matokeo. Utumbo hauwezi kuingia mkataba huo ingawa unafanya kazi yake vizuri kuliko ambavyo sisi tungeifanya kwa makusudi. Mashine za leo hazijauingia pia, hata zile zinazojibu kwa lugha nzuri, kwa sababu jawabu lake likiwa baya hakuna kinachozifika, na walioziuza huwa wa kwanza kusema kwamba ushauri wake si wa kutegemewa. Ikitokea siku moja kiumbe cha aina nyingine kikaweza kuubeba mkataba huo kwa ukweli, swali litafunguliwa upya.

Pingamizi la mwisho linatoka kwetu. Afrika Mashariki ina madaktari wa patholojia wachache mno kwa idadi ya watu wake, na wengi wako katika miji mikubwa. Mtoto aliyevimba tumbo mkoani hana nafasi ya kusubiri falsafa; je, mashine yenye dosari si bora kuliko kukosa kabisa? Ni bora, na atakayeizuia kwa jina la usafi wa elimu atakuwa amewadhulumu wanyonge. Lakini uhaba huohuo ndio unaotulazimu kuwa waangalifu. Palipo na mabingwa kumi, kosa la programu litakamatwa na mmoja wao. Pasipo na hata mmoja, kosa hupita hadi kwenye chumba cha upasuaji likiwa limevaa joho la sayansi. Mashine iliyofunzwa kwa sampuli za hospitali tajiri, zilizohifadhiwa na kupakwa rangi kwa utaratibu mwingine, inaweza kufika kwetu ikiwa majhuli kwa kila kipimo. Kwa hiyo nchi inayonunua programu hizi bila kusomesha wanaoweza kuzipinga inanunua majawabu na kuuza uwezo wa kuyahakiki.

Kinachofuata kutokana na haya kinaweza kutekelezwa. Kila hesabu ya seli inayotoka kwenye mashine na kutumiwa kuamua jambo iambatane na isnadi yake: sampuli ilichukuliwa na nani na kutoka wapi, ilipakwa nini, programu ilifunzwa kwa picha za nani zilizohukumiwa na nani, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina gani, na mwishoni jina la mtu mmoja anayesema, nimehakiki, niulizeni mimi. Pale mlolongo unapokatika, habari ihesabiwe dhaifu, hata kama namba zake ni nzuri. Masharti haya hayapunguzi thamani ya mashine. Mpokezi mwenye udhabiti wa kiwango hicho ni neema kwa watafiti wa utumbo, na mengi tusiyoyafahamu kuhusu neva hizi yatafumbuka kwa msaada wake. Masharti hayo yanaweka kila mmoja mahali pake. Utumbo utende, mashine ihesabu, na binadamu asikubali kupunguziwa kazi aliyobaki nayo peke yake, ya kujua na kujibu.